Mvinyo wa Mtungini

Nilirudi Bariadi kutoka Dodoma mwezi Septemba nikiwa na chupa nne za mvinyo, kidumu cha lita moja cha maji ya zabibu yaliyoanza kuchacha, na maringo yasiyo na kipimo. Nilikuwa nimekwenda kwenye semina ya siku tatu ya utunzaji wa kumbukumbu za ofisi. Kuhusu kumbukumbu, sikumbuki kitu. Ninachokumbuka ni alasiri ya mwisho, tulipopelekwa kwenye kiwanda kidogo cha mvinyo na kijana mmoja mwenye tai akatufundisha kuonja. Glasi inashikwa mguuni, si tumboni. Unaizungusha taratibu. Pua inatangulia mdomo. Unavuta funda, unasukutua nalo kama mtu anayemaliza kupiga mswaki, kisha unatema kwenye ndoo. Darasa zima lilishika hatua zote isipokuwa ya mwisho.

Kijana alitupa na historia. Mizabibu ya Dodoma ilianza na wamisionari wa Kikatoliki pale Bihawana, miaka ya 1950, kwa sababu misa haiendi bila divai na divai ya kusafirisha kwa meli kutoka Ulaya haikuwa rahisi. Baadaye utafiti ukashika mizizi Makutupora, ndiyo maana zabibu nyekundu inayojulikana sana kule inaitwa Makutupora. Lakini kilichonikaa kichwani ni habari ya usingizi. Mzabibu wa Ulaya hulala msimu wa baridi na kuamka jua likirudi. Dodoma, nyuzi 6 tu kusini mwa ikweta, haina baridi ya kumlaza mtu, sembuse mti. Mkulima anaupogoa, nao unadhani umelala, unachipua upya. Basi huvunwa mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa mwaka na tena kuanzia Agosti. Mfaransa akiulizwa umri wa mvinyo wake hutaja mwaka. Mgogo inabidi ataje na mwezi.

Niliposikia hayo nikajiapiza kwamba Bariadi nayo itaonja. Nia yangu haikuwa safi sana, nakiri. Nilitaka watu wa mtaani kwetu, wanaonifahamu kama mtu wa mafaili, waniambie: kumbe mwenzetu ni mstaarabu.

Nikanunua Makutupora nyekundu moja na nyeupe ya Chenin Blanc moja. Dukani mjini nikaongeza nyekundu ya Afrika Kusini, kutoka Stellenbosch, iliyoandikwa mwaka 2019. Ya nne, nyekundu ya Italia yenye picha ya ngome, nilipewa zawadi na padri mmoja ambaye daktari alikuwa amemkataza. Kidumu niliuziwa na mama mmoja njiani. Aliniambia maneno mawili: "Usikaze kifuniko." Nikakikaza, kwa kuzihurumia nguo zangu.

Pale Singida abiria walishuka kununua kuku wa kienyeji na mafuta ya alizeti, kama ilivyo ada. Mama aliyekaa mbele yangu alipanda na kuku sita ndani ya tenga. Tukaendelea. Kabla ya Nzega, begi langu lililokuwa juu ya vichwa vyetu lilipiga mshindo, na basi zima likainama. Dereva akafunga breki, akashuka, kondakta akashuka, wakazunguka gari wakigonga gurudumu moja baada ya jingine. Yote mazima. Mimi nilikuwa nimeshajua gurudumu lililopasuka ni lipi, maana lilikuwa likinidondokea shingoni.

Elimu yake ni nyepesi: hamira inakula sukari ya zabibu, inatoa kilevi na hewa ukaa, na hewa isipopata njia inaitengeneza. Kule Champagne, Ufaransa, waliifanya biashara. Msukumo ndani ya chupa yao ni zaidi ya mara mbili ya ule wa gurudumu la gari dogo, ndiyo sababu ya kile kioo kinene na waya juu ya kizibo. Mimi nilikuwa na kidumu kilichowahi kuwekwa mafuta ya kula. Kuku sita walioga. Walipiga kelele kidogo, wakaonja kilichokuwa kwenye manyoya, wakanyamaza hadi Shinyanga. Mwenye kuku alisema ni uchovu wa safari, nami sikuona sababu ya kumbishia.

Chupa nne zilifika salama ndani ya mataulo. Nikapanga Jumamosi jioni, wageni watatu: shangazi yangu, ambaye anaishi nasi, Mwalimu mstaafu wa jirani, aliyewahi kufundisha Jiografia na hajaacha, na Fundi baiskeli wa kona, kwa sababu ana koleo na nilikuwa nimeanza kuwa na wasiwasi.

Wasiwasi wenyewe ulikuwa kizibuo. Ndugu msomaji, jaribu kukitafuta Bariadi siku ya Ijumaa. Duka la kwanza nilipewa kifungulio cha bia. Duka la pili, kizibo cha sinki. La tatu, la vifaa vya ujenzi, muuzaji aliuliza nataka kuzibua nini, nikasema chupa, akafikiri, akaniletea dawa ya kuzibulia vyoo, akanionya nivae glovu. Glasi zenye miguu nazo zilipatikana kwa wapambaji wa harusi tu, na wao hawakodishi chini ya 50. Watu wanne, glasi 50. Mke wangu alizipanga mezani zote, akisema kama tumelipia basi zionekane. Waliopita njiani waliuliza nani anaoa.

Kisha suala la joto. Lebo ya ile ya Stellenbosch ilielekeza kwamba mvinyo mwekundu unyweke ukiwa na joto la chumba. Nikajiuliza: chumba cha nani? Desturi hiyo ilizaliwa kwenye nyumba za mawe za Ulaya, ambako chumba kisicho na moto kina nyuzi 16 au 18. Sebule yangu ina bati juu na Septemba mkononi. Umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi, friji ikawa kabati. Nikakumbuka mtungi wa shangazi uani, chini ya mwarobaini, ambao huyapoza maji kwa jasho lake mwenyewe bila kuomba umeme kwa mtu. Nikatumbukiza zile tatu nyekundu humo saa sita mchana, nikajiona nina akili.

Saa kumi na moja na nusu Mwalimu akabisha hodi. "Mwadila!" Shangazi akaitikia, akainuka kumtekea mgeni maji. Tukasikia kimya kirefu uani. Kisha sauti:

"Nani ametia barua kwenye maji yangu?"

Ndani ya kata kulikuwa na ngome ya Italia, imekunjamana. Nyuma yake ilielea Afrika Kusini, na Makutupora ilikuwa imeshazama na kunata kwenye tumbo la mtungi kwa ndani. Nikatoa chupa. Tatu, zote za kijani iliyokolea, umbo moja, urefu mmoja, uchi kama zilivyozaliwa.

"Sasa hii ni ipi?" akauliza Fundi. Hilo ndilo swali lililotawala jioni yote.

Mwalimu, mtu asiyekosa chaki ya Maswa mfukoni ingawa ana miaka tangu astaafu, aliziandika 1, 2 na 3. Kosa si la chaki, chupa zilikuwa zimelowa. Zilipopita mikononi mwa watu wawili, namba zilihamia viganjani.

Fundi akaanza kazi. Kwa chupa ya kwanza alizungusha skrubu ya mbao ndani ya kizibo, akaibana kwa koleo, akaivuta huku nimekumbatia chupa kwa magoti. Kizibo kikatoka kizima, laini, hakina herufi hata moja. Cha pili kilitoka vipande, tukaumimina mvinyo kupitia chujio la chai, na ndiyo sababu ulikuwa na tangawizi kwa mbali. Mwalimu alitumia nafasi hiyo kutueleza kwamba koki ni gome la aina ya mwaloni unaostawi sana Ureno, na kwamba kule mti huvuliwa gome mara moja tu kila miaka 9. Fundi akatazama makombo kwenye mapaja yake, akasema pole kwa Wareno. Cha tatu kilipasuka nusu, nusu iliyobaki ikakataa katakata, mke wangu akaisukumia ndani kwa mpini wa mwiko. Mvinyo ukamrukia Mwalimu kwenye shati jeupe, naye akasema kwa utulivu kwamba sasa ameonja kwa ngozi.

Nikawaeleza utaratibu: mguu wa glasi, kuzungusha, pua, kusukutua, kutema. Nikaweka ndoo katikati.

"Umetuita tuje kutema mate?" Shangazi akauliza.

"Ndivyo wanavyofanya wataalamu, shangazi."

"Sisi wazee tukikutemea mate, ng'wanawane, ni baraka. Hao wanaibariki ndoo?"

Ndoo ilibaki kavu hadi mwisho.

Nilikuwa nimenakili yaliyoandikwa nyuma ya ile lebo ya Stellenbosch: matunda meusi ya msituni, seda, ngozi, tumbaku. Nikawasomea ili wajue cha kutafuta. Mwalimu akaipata tumbaku papo hapo, kumbe ni ugoro wake mwenyewe kwenye vidole. Chupa ya kwanza Shangazi aliipa hukumu kabla sisi wengine hatujamaliza kuzungusha: "Hii ni wanzuki ambayo mwenyewe alihama akaisahau." Ya pili Fundi alisema ina ladha ya mnyororo wa baiskeli uliolala mvuani, na hakusema kwa ubaya, maana alijiongezea. Ya tatu ilipofika, watu walinyamaza. Shangazi akafumba macho. Akasema ni furu, zile nyeusi kabisa, zilizodondoka chini ya mti zikakaa siku mbili, ukaziokota asubuhi bado zina umande. Nikaonja tena. Zilikuwa furu kweli. Wataalamu wanaoandika "matunda meusi ya msituni" wangemkuta shangazi yangu wangefupisha sana lebo zao.

"Basi hii ya tatu ndiyo ya Italia," Mwalimu akahitimisha, akaanza kutufundisha jinsi mteremko wa vilima vya Toscana unavyopokea jua. Hakuna aliyekuwa amemwambia ngome ile iko Toscana.

Sikumcheka, na nitaeleza kwa nini. Mwaka 2001 huko Bordeaux, watafiti akiwemo Frédéric Brochet walichapisha jaribio walilowafanyia wanafunzi 54 wa fani hiyohiyo ya mvinyo. Waliwapa mvinyo mweupe uliotiwa rangi nyekundu isiyo na ladha. Wanafunzi wakaueleza kwa maneno ya mvinyo mwekundu, matunda meusi na yote. Macho yaliiambia pua la kusema. Kama wao walidanganywa na rangi wakiwa Bordeaux, Mwalimu kudanganywa na ngome aliyoiona ndani ya kata ni jambo la kawaida.

Ushahidi mmoja ulibaki: kile nusu kizibo kilichokuwa kikielea ndani ya chupa ya tatu. Viwanda vingi huchapa jina kwenye koki. Nikawasha tochi ya simu, tukaweka vichwa pamoja, chupa ikainamishwa huku na huku kama mtoto anayetafutiwa usingizi. Kizibo kikageuka taratibu. Herufi zikaonekana. Zilikuwa mbili: TA.

"Italia!" akasema Mwalimu.

"Tanzania!" akasema Fundi.

Walibishana nusu saa. Mwalimu alitumia hoja ya ukubwa wa herufi, Fundi alitumia uzalendo. Mke wangu aliuliza kama Stellenbosch haina TA, tukaitamka wote kwa pamoja mara tatu, haina. Katikati ya ubishi huo Shangazi alichukua jagi la plastiki, akamiminia humo masalia ya chupa ya kwanza, ya pili na ya tatu, akakoroga kwa kijiko cha chai.

"Shangazi!"

"Zabibu si zabibu? Waacheni wajuane."

Nilitaka kulia, hadi nilipokumbuka kwamba huko Bordeaux mvinyo mwekundu karibu wote ni mchanganyiko, Cabernet Sauvignon huku, Merlot kule, na kuna watu wanalipwa vizuri kwa kazi ya kuamua kiasi. Shangazi alikuwa ameamua kwa jicho. Tukanywa mchanganyiko ule kwa karanga za kukaanga na michembe, na sitasema kwamba ulikuwa bora kuliko kila mmoja peke yake, maana tangawizi ilikuwa imeenea. Lakini jagi lilirudi jikoni tupu.

Jumapili nilirudisha glasi 48. Mbili nililipia. Mtungi Shangazi ameusugua kwa mchanga, ila anaapa maji yake bado yanakuja na "habari", na kipande cha lebo ya Makutupora kimekataa kubanduka mpaka leo. Mwalimu na Fundi wakikutana njiani bado mmoja husema Italia na mwingine hujibu Tanzania, ndiyo salamu yao.

Chupa ya nne, ile Chenin Blanc, iko uvunguni mwa kitanda, nzima, na lebo yake. Fundi amesema koleo lake halirudii kazi hiyo. Kwa hiyo, msomaji, kama unacho kizibuo, na safari yako inapita Lamadi au Maswa, tafadhali pitia Bariadi mjini. Mtungini hatutaiweka. Glasi tunazo, za chai.