Masharti Matukufu ya Tasnifu

Katika vyuo vikuu vingi vya Marekani, mwanafunzi wa mwaka wa nne anayetaka kuhitimu kwa heshima ya idara yake hukabidhiwa kwanza karatasi ya masharti ya tasnifu. Heshima hii isichanganywe na ile shahada ambayo mkuu wa nchi huvishwa baada ya hotuba ya nusu saa. Hii huliwa kwa jasho, na jasho lenyewe lina fomu yake. Karatasi hiyo haina mtetezi. Wanafunzi huilaani, maprofesa huisahau, na katibu wa idara ndiye pekee anayeijua kichwani. Ni haki ipate wa kuisifu japo mara moja.

Huanza na lango. Idara nyingi hudai wastani wa alama usiopungua 3.5 katika masomo ya fani, na msomaji aliyezoea Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambako daraja la kwanza huanzia 4.4, akumbuke kuwa Marekani mizani huishia 4.0. Kinachopendeza hapa ni huruma. Mwenye 3.49 huokolewa asikose usingizi mwaka mzima, mwenye 3.50 huruhusiwa kuteseka.

Akishavuka, atafute msimamizi, na msimamizi aweke saini kabla mtafiti hajajua anatafiti nini. Huo ndio utaratibu, nao una busara iliyojificha: anayelazimika kueleza mada yake mbele ya mlango wa profesa mwenye dakika tano hugundua haraka kwamba "Afrika na maendeleo" si mada. Ni fomu hiyo, wala si mhadhara wowote, iliyozifanya mada nyingi zipungue hadi zikaweza kuandikika.

Kama utafiti unahusu kuwahoji watu, kuna kamati ya maadili. Kijana anayetaka kuwauliza wenzake kumi wa bwenini kama hunywa chai asubuhi huenda akajaza kurasa za kueleza hatari za swali hilo, namna ya kuficha majina ya wanywaji, na kabati litakalofungwa kwa ufunguo. Ni rahisi kucheka. Lakini sharti hili lilizaliwa Alabama. Kuanzia 1932 hadi 1972, idara ya afya ya serikali ya Marekani iliwafuatilia huko Tuskegee mamia ya wanaume weusi wenye kaswende bila kuwatibu, hata baada ya penisilini kupatikana kwa wingi, na bila kuwaambia ukweli wa maradhi yao. Habari zilipofichuka, Bunge lilipitisha sheria ya utafiti mwaka 1974, na kamati hizi zikapata meno. Chai ya bwenini inalipa deni la watu wale, na hapa sifa hazina mzaha ndani yake.

Mzaha unarudi kwenye urefu. Pale Harvard husimuliwa kwamba kikomo cha kurasa kilisababishwa na mtu mmoja, Henry Kissinger, aliyewasilisha mwaka 1950 tasnifu ya kurasa zaidi ya 350 kuhusu maana ya historia. Iwe kweli au hadithi ya korido, wasomaji wa vizazi vilivyofuata wana sababu ya kuliombea dua sharti hilo. Miaka kumi kabla yake, John F. Kennedy aliwasilisha hapo hapo tasnifu juu ya sera ya Uingereza kabla ya vita, na mmoja wa waliosahihisha alilalamika kwamba ni ndefu mno na inajirudia. Kabla mwaka haujaisha ilikuwa imeshachapwa kitabu na kuuzwa sana. Baba yake, balozi wa Marekani mjini London, hakuwa miongoni mwa masharti ya idara, ila alisaidia.

Chuo cha Swarthmore, huko Pennsylvania, kilikwenda mbali zaidi. Frank Aydelotte, aliyesoma Oxford kwa ufadhili wa Rhodes, alikuwa rais wa chuo hicho mwaka 1921, na mwaka uliofuata akaanzisha mpango wa heshima ambao wanafunzi wake hupimwa na watahini kutoka nje. Matokeo yake ni ya kupendeza: mwalimu, aliyekuwa hakimu, akageuka mshirika wa mwanafunzi, wote wawili wakimwogopa mgeni.

Princeton nako karibu kila mwanafunzi lazima aandike tasnifu, anayewania heshima na asiyewania. Mwaka 1989 sharti hilo lilimbana Wendy Kopp, akaandika pendekezo la kuwapeleka wahitimu wapya kufundisha katika shule za maskini, kisha akalitekeleza kwa kuanzisha Teach For America. Masharti yasilaumiwe kwa ajali kama hiyo. Yalichoomba ni kurasa tu.

Lililo dogo kuliko yote ni lile la kuacha nakala maktabani, ambalo hakuna anayelisoma. Hillary Rodham alilitimiza Wellesley mwaka 1969, akaacha tasnifu juu ya Saul Alinsky, mratibu wa harakati za wanyonge wa Chicago. Mumewe, Bill Clinton, alipoingia Ikulu mwaka 1993, chuo kikaifungia, na kwa miaka minane wapinzani wakaamini kwamba ndani yake mna siri kubwa. Ilipofunguliwa walikuta kazi makini ya mwanafunzi mwenye bidii, isiyokubaliana na Alinsky kwa kila kitu. Hakuna mchapishaji ambaye angeweza kuitangaza vizuri kuliko kufuli ile.

Yanabaki mapambizo: inchi moja na nusu kushoto ili mshona vitabu asimeze maneno, ingawa siku hizi nakala nyingi huenda kwenye kompyuta, ambako hakuna mshonaji. Inabaki pia saa ya mwisho ya Aprili, mashine ya kuchapa inapokwama na msomaji wa pili yuko safarini. Atakayemaliza yote haya ataongezewa maneno mawili matatu kwenye cheti na, vyuo vingine, kamba ya rangi shingoni siku ya mahafali. Mwajiri wake wa kwanza huenda akamuuliza tu kama anajua kutumia Excel.