Mkono Ulioganda

Mkono wangu wa kulia umenitia hasara ya shilingi 500,000, na wala sikumpiga mtu, sikutia saini popote, sikucheza kamari. Niliunyanyua tu kufukuza mbu. Lakini kabla hamjanicheka, nianze na siku niliyoshuka kwenye daladala pale Kariakoo na shilingi 480,000 mfukoni, nikiwa na hakika kwamba mimi si mtu wa kuuziwa mbuzi kwenye gunia.

Laptopu yangu ya zamani ilikuwa imekunywa chai ya maziwa wiki moja kabla. Fundi aliifungua, akainusa, akaniambia, "Pole, mzee," kwa sauti ya daktari anayetoka chumba cha mahututi. Na mwezi huohuo nilikuwa nimechaguliwa katibu wa kamati ya harusi ya mdogo wake mke wangu. Katibu bila laptopu ni mpishi wa shughuli bila mwiko. Mke wangu alinishauri nisubiri kidogo, nijazie, nipate ya maana. Nikamjibu kwamba laptopu ni laptopu, zote zinafunguka kama kitabu.

Muuzaji alikuwa kijana mwenye ulimi wa asali. "Bosi wangu, hii ni chuma," alisema, akinikabidhi kitu cha plastiki tupu, chepesi kama sinia la kupepetea mchele. "RAM nne, nafasi sitini na nne, mpya ndani ya boksi, na Windows 11 juu. Masharti yote imetimiza."

Hapo hakuniongopea. Windows 11 inataka mashine iwe na RAM isiyopungua GB 4 na nafasi isiyopungua GB 64. Nilichosahau ni kwamba hicho ndicho kima cha chini, na yeyote aliyewahi kulipwa kima cha chini anajua kwamba kipo kisheria, ila mwezi hakifikishi.

Nyumbani nikaiwasha. Ikawaka pole pole, kama mtu anayeamshwa daku. Kitu cha kwanza nilichokiona ni kwamba zile GB 64 zilikuwa 59 na ushei. Nikadhani nimepunjwa. Kumbe ni mambo ya vipimo: kiwandani wanahesabu kwa elfu moja moja, mashine yenyewe inahesabu kwa 1,024. Sisi tumezoea lumbesa, gunia linalojazwa mpaka likaota kichwa. Hii ilikuwa lumbesa ya kinyumenyume. Na katika hizo 59, Windows ilihamia na ukoo wake wote, ikashika vyumba vya ndani, mimi nikaachiwa baraza. Ilipofika siku ya kusasisha programu, ikadai nafasi zaidi. Nikafuta video ya mahafali ya chekechea ya binti yangu. Kesi hiyo bado inaendelea kwetu.

Nikarudi Kariakoo kwa fundi, nikamwomba aniongezee RAM na diski. Akaigeuza, akafungua skrubu kumi, akachungulia, akatabasamu. "Mzee, hapa hakuna pa kuchomeka kitu. RAM na hifadhi vyote vimechomelewa kwenye ubao. Hii ni ndoa ya kanisani: hakuna kuongeza wala kuacha." Akafunga skrubu tisa.

Kioo nacho kilikuwa na tabia zake. Ukikaa mbele yake sawasawa, unaona. Ukisogea upande, rangi zinapauka. Ukitazama kutoka chini, nyeusi inakuwa nyeupe na nyeupe inakuwa nyeusi. Wanangu walilala mkekani kuangalia katuni, wakaniita kwa hofu: wahusika wote walikuwa kama picha za eksirei. Ndiyo kasoro ya vioo vya bei ya chini vya aina ya TN. Ila ndani ya daladala kasoro hiyo ni baraka. Abiria wa jirani anayependa kusoma mambo ya watu anakaza shingo mpaka Mtoni kwa Azizi Ali na haambulii kitu.

Sasa tufike kwenye mbu.

Kikao cha nne cha kamati tulikifanya mtandaoni, kwa sababu mjomba wa mke wangu yuko Muscat na alitaka kuwaona wajumbe kwa macho. Nilikuwa nimefungua mambo matatu: kikao chenyewe, jedwali la michango, na kidirisha kidogo cha matokeo ya mpira ambacho mke wangu atakijua leo akisoma hapa. Kwa RAM ya GB 4, hayo matatu ni mzigo wa fuso juu ya bajaji. Mashine ikaanza kuhema. Ndipo mbu alipokuja kuniimbia sikioni. Nikanyanyua mkono kumfukuza, na laptopu ikaganda.

Iliganda nusunusu, nayo ndiyo hatari. Niliwasikia wote vizuri kabisa. Wao hawakunisikia. Kwenye vioo vyao nilikuwa nimetulia, mkono juu, mdomo wazi kidogo, kama mtu mwenye jambo zito la kusema. Na wakati huo Baba Mdogo, mwenyekiti wetu, alikuwa anasafisha koo.

"Ndugu wajumbe, kwenye ukumbi tumepungukiwa laki tano. Naomba mmoja wetu, mwenye moyo, anyooshe..."

"Mashaallah!" Mjomba akadakia kutoka Muscat. "Mkwe amenyoosha mkono hata swali halijaisha!"

"Tena haushushi," shangazi mmoja akaongeza.

Nilipiga kelele. Nilibonyeza kila kitu kinachobonyezeka. Nilipunga mkono halisi, huku ule wa kwenye picha ukibaki pale pale, imara kama wa askari wa barabarani. Vigelegele vikapigwa. Mke wangu, aliyekuwa sebuleni akifuatilia kikao kwa simu yake, akaja mlangoni na kunitazama kwa namna ambayo sijaiona tangu tuoane. Mashine ilipozinduka, nikakuta nyuso kumi na mbili zikinipongeza. Nilitaka kusema ni mbu. Lakini ni mkwe gani mwenye akili timamu atakayewaambia wakwe zake kwamba alikuwa anafukuza mbu?

"Tuko pamoja," nikasema.

Na kwa kuwa katibu ni mimi, ahadi ile niliiandika kwenye muhtasari mwenyewe, kwa mkono uleule.

Usiku sikulala. Nikaamua kumwandikia Baba Mdogo barua pepe ya siri, nimwombe ahadi ishuke mpaka laki mbili. Ni usiku huohuo herufi A ilipoamua kufa. Nadhani ni chembe ya kashata. Mimi huandika nikitazama vidole, wala sikuinua macho mpaka nilipokwisha kutuma. Baba Mdogo akapokea maneno haya: "Shikmoo Bb Mdogo, nomb kupunguz hdi yngu."

Asubuhi akajibu: "Marahaba mwanangu. Naona hata kuandika umeshindwa kwa furaha. Mungu akuzidishie."

Hebu fikiria ni herufi ngapi zingeweza kufa bila mimi kushtuka. Q ingekufa, nisingejua mpaka leo. X ingekufa, ningeifanyia hitima kimyakimya. Ila Kiswahili bila A ni pilau bila mchele. Neno "Tunawaalika" peke yake lina A nne, na mimi nilikuwa na kadi za mwaliko za kuandika. Fundi akaniambia keibodi hiyo imeshikamana na bodi ya juu, kwa hiyo kuibadilisha ni kubadilisha bodi nzima. Nikanunua keibodi ya nje kwa shilingi 15,000. Kwa Kiswahili sanifu laptopu ni kompyuta mpakato, na wengine huiita kipakatalishi, yaani kitu cha kupakatwa mapajani kama mtoto. Sasa changu hakipakatiki tena. Kinataka meza, kiti, na keibodi yake pembeni kama mgonjwa na msaidizi wake.

Hata hivyo, siku mbili kabla ya harusi, umeme ulikatika mtaani saa kumi na mbili jioni. Orodha ya wageni haijakamilika, ratiba ya mshereheshaji haijaandikwa. Jirani yangu ana laptopu kubwa ya kuchezea gemu, yenye taa za rangi na feni zinazovuma kama mashine ya kusaga. Ilidumu saa moja na nusu, ikazima. Mkweche wangu ukaendelea. Kichakataji chake ni Celeron, jina ambalo Intel ililianzisha mwaka 1998 kwa kompyuta za bei nafuu, na kuanzia 2023 haikuliweka tena kwenye vichakataji vipya vya laptopu. Hicho changu kimeundwa kutumia takriban wati 6, wakati vya laptopu za gemu kwa kawaida huanzia 45 na kupanda. Mbio hakina, lakini chakula chake ni kidogo, joto lake ni dogo, hata feni hakihitaji. Niliandika mpaka saa sita usiku kwa utulivu ambao ningeweza kumsikia mbu akitembea. Katikati ya kazi tulifungua ukurasa mtupu mweupe, tukauelekeza mezani, tukala wali kwa mwanga wake. Asubuhi nikapeleka flashi steshenari, karatasi zikatoka, harusi ikapita, ukumbi ukalipwa. Mnajua na nani.

Wahenga walisema dau la mnyonge haliendi joshi. Hawakusema halifiki.

Lakini hesabu ni hesabu. Laptopu 480,000. Keibodi 15,000. Nauli za kwenda na kurudi kwa fundi, pamoja na soda yake, 5,000. Mkono, 500,000. Jumla shilingi milioni moja kamili. Kwa nusu tu ya zile za mkono, nikijumlisha na nilizokuwa nazo, ningepata laptopu iliyotumika ya maofisini, yenye RAM ya GB 8 na diski inayochomoka, nami ningeushusha mkono wangu kwa wakati.

Kwa hiyo ndugu msomaji, kama kazi yako ni kuandika, kusoma barua pepe na kuvumilia giza, hizi za bei ndogo zitakusitiri. Kama unafungua mambo matatu kwa pamoja, jinyime miezi miwili zaidi. Ukifika dukani usisikilize sifa. Uliza RAM inaongezeka au imechomelewa, na hifadhi vilevile. Chuchumaa ukitazame kioo kutoka chini, muuzaji acheke akitaka. Kisha bonyeza herufi zote, ukianza na A.

Na ukiwa kwenye kikao cha wakwe, mbu akikutulia sikioni, mwache anywe. Damu yake ni tone moja tu.