Elimu ya Juu ya Kuuza Pete ya Bibi

Kito cha ukoo ni pambo la thamani ambalo mwenye nalo wa kwanza amekwisha fariki, na wenye nalo wa sasa ni wengi kuliko amani inavyoruhusu. Kwa mujibu wa wataalamu wa fani hii, ambao mjini Arusha idadi yao haizidi mmoja, pambo halistahili jina hilo mpaka litimize masharti mawili: liwe limefungwa kwenye kitambaa ndani ya kabati la mtu ambaye si msimamizi wa mirathi, na awepo angalau shangazi mmoja anayeapa kwamba aliahidiwa yeye. Vyuo vikuu vya nchi hii vimelipuuza somo hili kwa hasara yao vyenyewe. Kiti cha uprofesa kiko wazi, na wa kukikalia anafahamika.

Chini ya Mlima Meru, daraja la juu kabisa la vito vya ukoo ni dhahabu ya karati 22 ya familia zenye asili ya India: bangili, vipuli, mikufu ya arusi. Hekima ya familia hizo ilithibitika mwaka 1971, Sheria ya Utwaaji wa Majengo ilipoiwezesha serikali kuchukua nyumba za kupangisha zenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000. Ghorofa halibebeki, bangili inavaliwa na kuondoka nayo mkononi. Wengi walioondoka kwenda Uingereza na Kanada waliielewa hesabu hiyo pasipo kuhudhuria mhadhara wowote, jambo ambalo fani hii hulichukulia kama bahati nasibu tu.

Daraja la pili ni pete ya nyumba ya mkulima, iliyonunuliwa kwa fedha za kahawa mwaka ambao kahawa ilikuwa na bei. Pete hii mara nyingi ni ya karati 9, kiwango ambacho Waingereza walikihalalisha kwao mwaka 1854 na ambacho, kwa lugha ya kistaarabu, ni shaba na fedha zilizotembelewa na dhahabu. Ukoo wenyewe haujui hivyo. Ukoo unajua kwamba bibi aliivaa siku ya kipaimara cha mwanawe wa kwanza, na kwamba ni "dhahabu tupu".

Daraja la tatu ni tanzanaiti. Mwaka 1967 ulikuwa na shughuli nyingi katika mkoa huu. Februari 5 lilitangazwa Azimio la Arusha, lililowakataza viongozi kuwa na hisa katika makampuni, kupokea mishahara miwili na kupangisha nyumba; mwaka huohuo jiwe la bluu likajulikana huko Mererani, sehemu iliyokuwa bado ndani ya Mkoa wa Arusha. Azimio halikutaja pete hata mara moja. Pengo hilo la kisera limewaacha wengi na maswali, hasa wajukuu. Kampuni ya Tiffany ya New York ililitangaza jiwe kwa jina la nchi mwaka 1968, ilhali mzee Jumanne Ngoma, anayetambuliwa kuwa mgunduzi wake, alisubiri hadi mwaka 2018 kutunukiwa na Rais shilingi milioni 100. Mwaka huohuo wa 2018 serikali ilizindua ukuta wa kilomita 24 kuyazunguka machimbo. Kabati la bibi halikuzungushiwa kitu.

Shanga za Kimaasai na za Waarusha haziingii katika daraja lolote. Ni kioo, na kioo chenyewe kwa kiasi kikubwa hutoka Bohemia, Jamhuri ya Czech. Mzani wa sonara hauzitambui, mkopeshaji hazitazami, na hakuna aliyewahi kugombana kikaoni juu ya thamani yake kwa gramu. Labda ndiyo sababu bado zinavaliwa.

Hatua ya kwanza ya mauzo ni haki ya kuuza. Kito cha marehemu ni mali ya mirathi, na anayeweza kukiuza kihalali ni msimamizi aliyeteuliwa na mahakama, ambaye kwa familia nyingi hupatikana Mahakama ya Mwanzo baada ya kikao cha ukoo kumpendekeza. Kito cha mama aliye hai ni chake: Sheria ya Ndoa ya 1971 inamtambua mke kuwa na mali yake mwenyewe, ingawa kuna waume wanaoisoma sheria hiyo kwa kurukaruka. Sheria ni fupi. Kikao ni kirefu. Kikao huanza saa nne asubuhi kwa sala, huahirishwa kupisha mlo wa loshoro, na hufika jioni kikiwa kimeamua kwamba pete isiuzwe, bali "iwekwe tu bondi, halafu itakombolewa". Uamuzi huo hufikiwa zaidi mwezi wa Januari, ada za shule zinapodaiwa.

Kati ya uamuzi na utekelezaji kuna kipindi ambacho kito hakipo na hakuna anayekiri kwamba hakipo. Elimu linganishi inasaidia hapa. Mjini Paris, kitu kilichowekwa rehani husemwa kuwa kiko "kwa shangazi", na husimuliwa kwamba chanzo chake ni mwana wa mfalme, Mkuu wa Joinville, aliyeweka saa yake rehani kwa deni la kamari na kumwambia mama yake kwamba ameisahau kwa shangazi. Arusha imeendelea zaidi. Huku pete "iko kwa fundi, inabanwa kidogo". Udhuru huu ni bora kitaalamu kwa sababu fundi hana muda maalumu wa kumaliza kazi, jambo ambalo kila Mtanzania aliyewahi kushonesha nguo ya Krismasi atalithibitisha kwa kiapo.

Inafuata hatua ya mahali. Biashara ya rehani yenye hadhi ina historia ndefu: watawa wa Kifransisko walianzisha nyumba ya rehani Perugia mwaka 1462 ili kuwaokoa maskini na riba, na London ina nyumba ya Suttons & Robertsons inayojihesabu tangu 1770. Huko mwenye almasi hukaribishwa kwenye kiti cha ngozi, huzungumzishwa kwa sauti ya chini, na hupewa mkopo bila kuulizwa kazi yake. Sheria ya Uingereza ya 1974 humpa muda wa miezi 6 isiyopungua kukomboa kitu chake, na kikiuzwa kwa bei inayozidi deni na gharama, ziada ni yake. Arusha haina kiti hicho. Kazi ya mtu mmoja wa London hapa hufanywa na watu watatu wasiopendana: sonara wa mitaa ya karibu na Soko Kuu hununua dhahabu, broka wa maeneo ya Mnara wa Saa huangalia jiwe, na mkopeshaji hupokea bondi. Mnara huo, wenyeji huambiwa, uko katikati kabisa ya safari ya kutoka Cairo kwenda Cape Town. Muuzaji wa pete ya bibi ndiye pekee anayeuona umbali wote huo.

Upimaji wa dhahabu ndio kilele cha somo. Sonara huipokea pete bila kuisifu, na hiyo ni dalili mbaya. Kwanza hutafuta mhuri kwa ndani: 916 ni karati 22, 750 ni karati 18, 375 ni karati 9. Mhuri ukiwa umelika, au ukiwa mzuri mno kuaminika, hutolewa jiwe jeusi. Pete hupitishwa juu yake mara moja, mpaka ubaki mstari wa manjano wenye urefu wa punje ya mchele. Pembeni huchorwa mstari wa pili kwa sindano ya mfano ambayo karati zake zinajulikana. Kijiti cha kioo huchovywa kwenye chupa ya asidi, na tone hupitishwa juu ya mistari yote miwili. Wa karati 22 hukaa kama ulivyo. Wa karati 9 hutoa vipovu, huingia ukijani, na sekunde chache baadaye jiwe ni jeusi tena.

"Mama, hii ni tisa."

"Tisa nini, baba?"

"Tisa kwenye ishirini na nne."

Katika fani hii tukio hilo huitwa Mshtuko Mkuu. Mshtuko Mdogo hutokea baadaye, kijiwe kinapochomolewa kwa kibano kabla ya pete kuwekwa kwenye mzani. Ukoo umekuwa ukipima pete pamoja na kijiwe kwa miaka 50, na kijiwe chenyewe ni kioo chekundu. Pete iliyobaki ina gramu 4. Kwa karati 9, gramu 4 zina gramu moja na nusu tu ya dhahabu safi. Kipaimara hakina uzito. Bibi, kwa masikitiko ya sayansi, naye hana.

Jiwe likiwa tanzanaiti, kazi inahamia kwa broka, na hapo matumaini ni makubwa zaidi kwa sababu ya habari za mwaka 2020. Mwaka huo mchimbaji Saniniu Laizer aliiuzia serikali mawe mawili yenye jumla ya zaidi ya kilo 14 kwa takriban shilingi bilioni 7.7. Tangu siku ile kila kipande cha bluu kilichomo kabatini kati ya Usa River na Ngaramtoni kimepanda bei kichwani mwa mwenyewe, ingawa kina uzito wa karati 2, na karati moja ya vito ni gramu 0.2. Broka hukigeuza kwenye mwanga. Tanzanaiti halisi huonesha bluu upande mmoja na zambarau upande mwingine. Kupitia kioo cha kukuzia hutazama pia kingo za nyuma: zikionekana mbili mbili waziwazi, huenda jiwe ni fosteraiti ya maabara, mwigo unaofahamika sana katika biashara hii. Anayetaka uhakika zaidi ya jicho la broka hana haja ya kwenda mbali, maana Kituo cha Jemolojia Tanzania, kinachofundisha utambuzi na ukataji wa vito, kiko Arusha hapahapa.

Hata tanzanaiti halisi ina ugonjwa wake. Ugumu wake ni kati ya 6 na 7, na vumbi la kawaida lina chembe za kwazi zenye ugumu wa 7. Pete iliyovaliwa shambani wakati wa kuchuma kahawa hurudi na uso uliofifia kwa mikwaruzo, na ikipelekwa kwa fundi anayeilehemu bila kulitoa jiwe, moto wa ghafla hulipasua. Inawezekana basi kwamba pete iliyosingiziwa kuwa kwa fundi imeokoka kwa sababu haikwenda.

Mkopeshaji wa bondi ana elimu fupi. Kisheria yuko chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 na anahitaji leseni ya Benki Kuu; kivitendo wapo wenye leseni, na wapo wenye daftari tu. Mkopo wa huyu wa daftari ndio watu wanaouita kausha damu. Chukulia pete imepewa shilingi 100,000 kwa riba ya asilimia 20 kwa mwezi: baada ya miezi 5 riba peke yake imeufikia mkopo, na mwenye pete bado anaita hali hiyo kuokoa mali ya ukoo. Siku ikipita, pete si yake, na ile ziada ya London haiulizwi. Msimamo wa kitaalamu ni kwamba asiyeweza kutaja kwa tarehe fedha ya kukombolea itatoka wapi auze moja kwa moja kwa sonara, apewe risiti yenye uzito na karati, na aende masonara wawili kabla ya kumwamini wa tatu.

Mgawanyo ni hesabu ya darasa la nne. Chukulia gramu ya dhahabu safi ni shilingi 300,000: gramu moja na nusu ni 450,000, sonara hukata gharama ya kuyeyusha na faida yake, akabidhi 380,000. Warithi 11 hupata shilingi 34,545 kila mmoja, na shilingi 5 hubaki mezani zikijadiliwa. Kutoka hapo hutolewa nauli za waliotoka Moshi na Babati, soda za kikao, na sufuria ya loshoro. Hesabu iliyobaki msimamizi huijaza kwenye Fomu Namba 6 na kuirudisha Mahakama ya Mwanzo, nauli ya daladala ikiwa juu yake mwenyewe.