Tano Bora za Kubashiri: Povu Ruksa

Watu wa Getanuwas sogeeni, na wa Mbulu msijifiche. Kigezo ni kimoja: jibu likigeuka, limegeuzwa na kanuni au na mdomo wa mpiga ramli?

5. Ramli chonganishi
Ng'ombe kapotea, mchawi kapatikana: jirani, mwembamba, mliwahi kugombana. Nani hana jirani wa hivyo? Hapa hakuna kanuni, kuna umbea wa kulipia.
*Hukumu:* imeshika ya tano kwa kuwa hakuna ya sita.

4. Nyota
Thamani za herufi za jina lako na la mama yako zinajumlishwa, zinagawanywa kwa 12, na baki ndiyo nyota yako. Hesabu safi! Ila kwenye kitambulisho wakikosea herufi moja tu, umelala Simba, umeamka Samaki.
*Hukumu:* nenda na cheti cha kuzaliwa.

3. Vijiwe vya oloiboni
Oloiboni, mtabiri wa Kimasai, anatikisa kibuyu, anamwaga vijiwe, anavihesabu. Kanuni ipo, lakini inakaa ndani ya ukoo.
*Hukumu:* ukitaka kukata rufaa, kazaliwe upya kwao.

2. Yijing ya Wachina
Rusha sarafu 3 mara 6, upate mistari 6 na umbo moja kati ya 64. Upande mmoja wa sarafu ni 3, wa pili ni 2. Jumla ikiwa 7 au 8, mstari umetulia. Ikiwa 6 au 9, unageuka na umbo jipya linazaliwa. Njia 4,096 za kujibu swali lilelile: "Atarudi?"
*Hukumu:* mistari mitatu ikigeuka pamoja, hata wajuzi wanabishana wasome upi.

1. Ramli ya mchanga, Pwani
Nukta zinachomwa mchangani bila kuhesabiwa: zikiwa witiri inaandikwa moja, zikiwa shufwa mbili. Mistari minne, ishara 16. Ishara 4 ziitwazo mama zinazaa nyingine mpaka ya 15, hakimu. Nukta za hakimu lazima ziwe shufwa. Zikitoka witiri, mpigaji kakosea hesabu. Yaani ina CAG wake ndani! Ishara 8 haziwezi kukalia kiti hicho hata kwa rushwa.
*Hukumu:* bingwa.

Wadatoga, nawasikia: "Saigilo wetu je?" Mtabiri huyo wa karne ya 19 alikuwa mtu, na chati hii inapanga mbinu. Bisheni, ila kwa hesabu. Mwenye umbea namrudisha namba 5.