Dola Yangu Iko na Kidonda

Kuna watu duniani wanajua kama kesho dola itapanda au itashuka. Mimi sijawahi kuwa katika hao. Nikinunua dola, inashuka kabla sijavuka barabara. Nikiiuza, inapanda nikingali nahesabu. Mama Chance, yule kambiste anayebadilisha pesa pale kwenye kona, ameshanisoma zamani. Akiniona natoka butiki na bahasha ya kaki, anawageukia wenzake: "Papa Furaha anakuja kuuza. Mungojee kwanza." Wanangoja. Inapanda. Jirani, nimekuwa chati. Mtaa wote wa Mapendo, hapa Goma, unanisoma mimi, na hakuna anayenilipa hata kitumbura kimoja.

Sasa juu ya hayo, mtoto wa dada yangu amekuja kukaa kwangu. Dieumerci. Kijana msomi, ana karatasi ya chuo, mambo ya komesi. Nikasema Mungu mkubwa, nimepata wa kubeba magunia. Wapi! Gunia haligusi. Anakalia kreti ya soda mbele ya butiki yangu, macho ndani ya simu yenye kioo kilichopasuka, anakula intaneti ninayolipia mimi. Nikamuuliza unafanya nini. "Mujomba, nafanya analizi tekniki. Yuro na dola." Una yuro ngapi? Hana. Dola je? Hana. Sasa unachambua za nani? Akanionea huruma. Kuonewa huruma na mtoto uliyembeba mgongoni, usiombe.

Akanigeuzia simu. Naona vijiti. Vya kijani, vyekundu, vimepangana vinapanda na kushuka, kila kimoja kina unywele juu na unywele chini. Inaitwa mishumaa ya Kijapani. Kila mshumaa una habari nne: bei ilifunguka wapi, ilifungwa wapi, ilifika juu mpaka wapi, ilizama mpaka wapi. Kijani, imefungwa juu ya ilipofungukia. Nyekundu, kinyume. Sifa anapewa mfanyabiashara mmoja wa mchele, Munehisa Homma, karne ya 18, wakati ule mchele ukiuzwa na kununuliwa kwa makaratasi kwenye soko la Dojima, Osaka. Hapo nikashtuka. Mchele! Mimi nauza mchele miaka nenda rudi, kwa kopo la Guigoz, na sijawahi kuchora hata mstari. Mwenzangu alikuwa anachora. Ndiyo maana yeye anasomwa kwenye simu za watoto na mimi nadaiwa kodi ya nyumba.

Kijana akaendelea. Kuna sakafu, pale bei ikifika wanunuzi wanaikimbilia, inaruka juu. Kuna dari, pale ikifika wauzaji wanaimwaga, inaanguka. Kuna mstari wa wastani unaojikokota nyuma ya bei. Kuna na kipimo cha Mmarekani Welles Wilder, cha mwaka 1978, kinatembea kati ya 0 na 100. Kikipita 70, watu wamenunua kupita kiasi. Kikishuka chini ya 30, wameuza kupita kiasi. Nikaitikia kwa kichwa. Sikuelewa kitu, lakini kuitikia ni bure, na siku hizi cha bure hakipatikani.

Basi nikauliza swali la mtu mzima: sasa hivi inapanda au inashuka? Akasema, mujomba, inategemea. Kwenye chati ya dakika 5 inapanda. Kwenye dakika 15 inashuka. Kwenye ya saa moja imelala. Na tunamfuata nani? Inategemea! Hapo nilijisikia nyumbani. Kwangu ndivyo tunavyoishi. Mama Furaha anasema toa, mwenye nyumba anasema toa, shule inasema toa, na sanduku la butiki linasema ngoja.

Ukitaka kujua tulivyo wadogo, sikiliza hii. Benki ya malipo ya kimataifa, ile ya Basel, ilihesabu mwezi wa nne 2025 ikakuta soko hili la fedha za kigeni linageuza kama dola trilioni 9.6 kwa siku. Kwa siku! Siku aliyonisomea hiyo habari, mteja wangu alikuwa amesimama mbele yangu na sabuni mkononi, ananingojea nimrudishie franka 500, na sina. Nikampa peremende. Akazihesabu.

Nikamwambia Dieumerci, nitafutie franka yetu humo, tujue kesho itakuaje. Akatafuta. Randi ya Afrika Kusini ipo. Lira ya Uturuki ipo. Peso ya Meksiko ipo, inacheza na dola mchana na usiku. Franka ya Kongo hamna. Nikachukua simu nikatafuta mwenyewe, kwa kidole changu, hamna. Hata wenye kamari wametupita.

Lakini si kitu, kwa sababu franka ina mtaalamu wake, na yuko pale kwenye kona chini ya mwavuli. Mama Chance ana kimeza, sanduku la kioo, mabunda yaliyofungwa mpira, na kalkuleta ambayo namba 7 imefutika. Mshumaa hana. Yeye anaangalia njia. Mwisho wa mwezi, watu wa mashirika wakilipwa dola, wote wanakuja kutafuta franka za sokoni siku moja: dola inashuka. Wafanyabiashara wa mtaa wa Birere wakianza kukusanya za kuagiza mali, dola inapanda. Wa Gisenyi, ng'ambo ya mpaka, wao wanamtafutia franka za Rwanda, hiyo ni hesabu nyingine, zaidi ya 1,400 kwa dola moja, anaifanya kichwani akiwa anamnywesha mjukuu uji. Tena ana bei mbili, ya kununua na ya kuuza, na katikati ndipo anapokula yeye. Mimi kila mara niko upande ule unaoliwa. Nimejaribu kusimama upande mwingine wa meza, akaniambia nasukuma mwavuli wake.

Na tangu mambo ya mwisho wa Januari 2025 kazi yake imekuwa ya wachawi. Unayajua, waasi wa M23 wakaingia Goma, benki zikafunga, sirudii. Noti mpya za franka zikaacha kuja. Zilizokuwepo ndizo tunazozungusha mpaka leo, jasho kwa jasho, sidiria kwa soksi, mpaka yule okapi wa noti ya 1,000 amepoteza miguu. Franka ikawa adimu kuliko dola. Dola ikawa na bei yake Goma na bei nyingine Kinshasa, nchi ile ile, noti ile ile. Mtu anashika dola 50 na hana cha kulipia pikipiki ya kumrudisha nyumbani. Mimi mwenyewe nilibandika tangazo kwenye butiki, kwa biki nyekundu: NOTI MBOVU HAZIPOKELEWI. Ningefanyaje, nikizipokea wenye mali ya jumla wanazitupa usoni kwangu.

Dola nayo usiiguse. Franka inaweza kuwa na mafuta ya samaki na bado ikanunua sukari, lakini dola lazima iwe bikira. Mimi nilikuwa na ya 100. Nzuri, ile ya kuanzia 2013 yenye utepe wa bluu. Kwa kuogopa wezi nikaikunja mara nne, nikaiweka ndani ya soksi, nikailalia. Kuipeleka kwa Mama Chance, akaipokea kwa vidole viwili. Akaifungua. Akaivuta ncha mbili, ikalia. Akapitisha ukucha kwenye kola ya koti la yule mzee Franklin kuona kama kuna mikwaruzo. Akaiinua juani. Kimya. Wateja wote wanaangalia juu, na mimi naangalia juu, moyo unadunda, naona kwenye makutano ya mikunjo kitobo kama ncha ya sindano, jua linapita.

"Papa Furaha, hii iko na kidonda."

"Si kidonda, Mama Chance. Ni mukunjo tu."

"Mukunjo ikishatoboka inakuwa kidonda. Hii nitakupatia ya 90."

Dola 10 kwa kitobo! Nikasema nitaenda kwa mwingine. Akasema enda. Nikaenda kwa mwingine, akasema 85. Nikarudi, nikakuta ya 90 imeshakuwa 88, eti kwa sababu nimemnyanyua mara mbili. Nionyeshe mshumaa wa Osaka unaotabiri hilo.

Halafu ikaja ile ya mwaka 2025, mwezi wa tisa na wa kumi. Benki Kuu ikaingia sokoni, na dola iliyokuwa juu ya 2,800 Kinshasa ikaporomoka chini ya 2,500 watu wakiangalia. Redio zikashangilia, franka imepata nguvu. Wewe ulishangilia? Mimi nilikuwa nimebadilisha akiba yote kuwa dola wiki iliyotangulia, sitaki maswali. Nikajifariji kwamba sasa sukari itashuka. Jirani, dola ikipanda asubuhi, sukari inapanda kabla ya saa sita, mwenye duka la jumla anakuwa ameshasikia, ana redio, ana mjomba Kinshasa, ana kila kitu. Dola ikishuka, hana habari. "Mali hii niliinunua kwa bei ya zamani." Nikarudi baadaye, bado ni ile ya zamani. Mali gani hiyo isiyoisha?

Dieumerci akasema shida yangu ni kuangalia karibu mno, nitazame mwelekeo mrefu. Mwelekeo mrefu! Nikaingia ndani nikamtolea sanduku la marehemu baba. Limejaa zaire, Mobutu na kofia yake ya chui kwenye kila noti, mpaka zile za milioni 5 zilizokataliwa sokoni mwanzoni mwa 1993. Mwaka ule ule zaire milioni 3 zikageuzwa kuwa zaire mpya moja, na watu wa Kasai wakaikataa hiyo mpya, wakabaki na zao za zamani. Juni 1998 zaire mpya 100,000 zikawa franka moja. Zidisha mwenyewe: zaire za baba bilioni 300 kwa franka moja. Na franka ilipozaliwa, dola moja ilikuwa haifikishi franka 2. Chora mstari wa wastani hapo, mtoto wa dada. Akaangalia zile noti, akazipiga picha.

Sasa, ya nini niliendelea? Mimi nimpe dola 20 kijana aliyeshindwa kubeba gunia? Nilimpa. Alinipata vibaya, ilikuwa ile Ijumaa ya kwanza ya mwezi, Wamarekani wanapotoa hesabu ya ajira zao, asubuhi ya kwao, mchana wa kwetu. Akasema siku hiyo mishumaa inakuwa mirefu. Kwa dola 20, kampuni ya ndani ya simu inakukopesha nguvu, unashika yuro 1,000. Mimi! Yuro 1,000! Nikaenda kuvaa shati. Bei ikisogea pointi moja, yaani tarakimu ya nne baada ya nukta, unapata au unapoteza senti 10. Chini kabisa ya ukurasa kulikuwa na maandishi madogo. Nikaomba anisomee. Akasema si ya lazima. Nikavaa miwani: asilimia kubwa ya wateja hupoteza pesa. Ulaya walipotoa hesabu yao mwaka 2018, waliopoteza walikuwa kati ya 74 na 89 kwa kila akaunti 100. Kwa bahati yangu ninayoijua, nilishajihesabu katika hao kabla hajabonyeza.

Akabonyeza kununua. Hesabu ikatoka. Mshumaa ukaenda chini, mimi nikakaa chini. Ukageuka, ukapanda, ukapita dari, nikasimama, wateja wakaingia butiki wakatoka na sikuwaona. "Funga!" nikapiga kelele. Pointi 30. Dola 3. Jirani, tulishinda! Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nilinunua kitu kikapanda. Nikamtuma mtoto akamwambie Mama Chance. Mama Chance akajibu kwamba ameshasikia, na kwamba ameongeza bei.

Bado kuzitoa. Pesa ikaja kwenye simu, imeshakatwa kidogo njiani. Nikaenda kwa ajenti. Dola za noti hana. Ana franka, kwa bei yake mwenyewe, na kwa sababu franka ni adimu kuna na tozo ya juu, ya kwake, ya kunionea huruma. Kijana akachukua simu aanze kubishana kwa mishumaa. Ajenti akamuuliza unataka au hutaki. Tukataka. Akahesabu kwa kulowesha kidole, haraka haraka, noti laini kama tambara, nikaziweka mfukoni bila kuzifungua, maana nyuma yangu watu walikuwa wanasukuma.

Nikarudi butiki kifua mbele. Mama Furaha yuko kaunta. Nikamwambia nipe kilo ya sukari, leo nalipa kama mteja. Nikatandaza zile noti. Ya kwanza imeunganishwa kwa plasta. Ya pili haina kona. Ya 1,000, okapi hana kichwa.

Mama Furaha hakuzigusa. Akanyoosha kidole juu ya mlango.

"Papa, soma tangazo."

Nikamwambia tangazo niliandika mimi. Akasema anajua, mwandiko ni wangu, hata "hazipokelewi" nililikosea mara ya kwanza nikalifuta. Nyuma yangu kuna wateja wawili na mtoto wa jirani, wote wamenyamaza wanafurahia. Nikainama kwenye kaunta, kwa sauti ya chini, nikamuuliza mke wangu wa ndoa kama basi hawezi kunipunguzia.

Akaichukua ile ya 1,000. Akaiinua juani. Akasema ataichukua kwa 700.