Barua ya Wazi kwa Serikali ya Utah

Kwa Mheshimiwa Gavana na Waheshimiwa Wabunge,
Salt Lake City, Marekani.

YAH: HESABU YA VITANDA

Tafadhali husikeni na kichwa cha habari hapo juu. Barua hii inaletwa kwa unyenyekevu na watu waliojifunza kutoa na kujumlisha kwa vijiti na vizibo vya soda, wanaoomba kuelekezwa jinsi 700 inavyokuwa maendeleo ikilinganishwa na 1,100.

Kituo cha The Road Home katika mtaa wa Rio Grande kiliweza kulaza watu wasio na makazi wapatao 1,100. Kilifungwa Novemba 2019, na vikafunguliwa vituo vipya vitatu: cha wanawake 200, cha mchanganyiko 200, na cha wanaume 300 kule South Salt Lake. Vitanda 400 vilivyopotea njiani vilitolewa maelezo: watu wangepatiwa nyumba upesi, basi wasingevihitaji. Baridi ya Utah haikupata nakala ya maelezo hayo.

Haki isemwe, kituo cha zamani hakikuwa pepo. Wauza dawa za kulevya walikizunguka kama nzi kwenye bucha, na waliolala ndani ndio waliokuwa windo lao la kwanza. Agosti 2017 Serikali ikateremsha askari katika Operesheni Rio Grande. Mtaa ukasafishwa. Neno ni hilo hilo wanalotumia mabwana afya wakizungumzia mitaro.

Lakini sifa kubwa zaidi ziwaendee viongozi wa chini. Machi 2017 Meya wa Kaunti, Ben McAdams, alivaa kama mtu asiye na kwao akakaa siku tatu na usiku mbili miongoni mwao, usiku mmoja barabarani na mmoja ndani ya kituo. Alikaa kimya hadi Agosti ndipo akasimulia. Wahenga walisema mgeni siku ya tatu mpe jembe. Mheshimiwa hakusubiri kukabidhiwa. Hata hivyo alithubutu kulala, na hilo ni zaidi ya wengi wanaopanga vitanda vya wenzao kwenye ramani.

Machi hiyo hiyo Meya wa Draper, Troy Walker, alijitolea mji wake upokee kituo kipya. Wananchi walifurika mkutanoni wakamzomea mpaka akaifuta ahadi yake usiku ule ule. Mtu mmoja asiye na makazi alisimama kwenye kipaza sauti aseme lake. Naye akazomewa. (Draper ni mji wenye nyumba nzuri sana, watalii wasikose kuzitazama.) Hatimaye wanaume 300 walipelekwa South Salt Lake, ambayo nayo ilikataa, ila yenyewe kukataa kwake hakukusikika.

Kuna kitongoji kinachoitwa Sugar House. Desemba 2016 kilitajwa kuwa miongoni mwa sehemu nne za vituo vipya. Wakaazi wakaja juu, na Februari 2017 kikaondolewa kwenye orodha. Amani ikarejea, bei za nyumba zikapumua.

Ikaja Januari 2020. Jengo la Rio Grande likaanza kubomolewa, na wasio na pa kulala wakapiga mahema karibu na ofisi za Jiji, polisi wakayaondoa. Hesabu ikagoma. Basi jiji likatafuta kwa haraka paa lolote lililokuwa wazi, likalipata: duka la mitumba lililofungwa, likawekwa vitanda 145 vya dharura mpaka majira ya machipuo. Lilikuwa Sugar House.

Wenu katika ujenzi wa taifa,
Waliokosa hesabu darasa la pili.

Nakala: Wakaazi wa Draper, kwa taarifa.