Mwambie Papa Yako

Mke wangu alikuwa na saa yake ya kupikia. Akisikia ta-ta-ta upande wa reli, anateleka maji ya bukari. Ta-ta-ta ikifika kwenye mwembe wa jirani, unga unaingia sufuriani. Nikizima pikipiki mlangoni, bukari imeiva na sombe iko mezani. Tuliishi hivyo miaka miwili bila yeyote kulalamika, mpaka mama yake alipopiga simu kutoka Nyunzu: anakuja kututembelea na treni ya kwanza itakayopita.

"Papa," mke wangu akaniambia usiku ule, "ile sauti."

"Sauti gani?"

"Ya moto yako. Mama ashuke kwenye treni apandishwe cherehani bovu?"

Mgeni wa Kabalo aelewe kwanza kwamba huu ni mji wa mto na wa reli. Mto ni Lualaba. Reli za Kamina, Kindu na Kalemie zinakutana hapa, na ile ya Kalemie ilikamilika tangu 1915. Treni yetu haijulikani kwa saa, inajulikana kwa honi. Honi ikilia, wauza karanga wanabeba sinia na wenye baiskeli za mizigo wanakimbilia stesheni. Kwa hiyo sikuwa na tarehe ya kujipangia. Mama mkwe angeweza kufika kesho au wiki ijayo, na ta-ta-ta ilipaswa kuisha kabla ya honi.

Nilikwenda kwa fundi pale sokoni. Akainama, akasikiliza kama daktari. "Supapu," akasema. "Zimeachana. Leta elfu kumi."

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Jioni nabeba abiria ili watoto wangu wenyewe wasifukuzwe shule. Faranga elfu kumi kwa kugeuza skrubu mbili niliziona nyingi. Nikamwomba aniazime kipimo chake, vile vijibati vyembamba vilivyofungwa pamoja kama upepeo, kila kimoja kimeandikwa unene wake. Fundi akacheka mpaka spana ikamwanguka. "Mwalimu, nikikuazima kipimo, wewe utaniazima nini? Mshahara?"

Nikarudi nyumbani na hasira, na hasira ni fundi mbaya.

Kwa nadharia nilikuwa sawa. Pikipiki yangu ni ya China, lakini injini yake ni mjukuu wa Honda CG125, iliyotoka Japani mwaka 1976. Juu ya injini kuna supapu mbili: moja inaingiza hewa na petroli, nyingine inatoa moshi. Kila moja inakandamizwa na mkono mdogo wa chuma, na mkono huo unasukumwa na fimbo inayotoka chini. Injini ikizunguka mara 4,000 kwa dakika, kila supapu inafunguka mara 2,000. Kati ya mkono na supapu huachwa nafasi ndogo. Honda waliiandikia CG125 milimita 0.08, unene wa unywele hivi. Nafasi ikizidi, chuma kinagonga chuma, ndiyo ta-ta-ta. Nilichokuwa sijakitia maanani ni hasara ya nafasi ikipungua.

Kipimo nilikipata dukani: wembe wa makali mawili. Unene wake ni kama milimita 0.10. Hesabu yangu ikawa rahisi: wembe upite kwa kubanwa kidogo, basi.

Kazi hii hufanywa injini ikiwa baridi, na Kabalo baridi ni alfajiri tu. Alhamisi, jogoo hajamaliza, nilikuwa uani na taa ya simu. Nikafungua kifuniko cha juu, nikatoa buji, nikafungua vifuniko viwili vya ubavu wa kushoto: kimoja cha kuzungushia injini kwa spana, kingine cha kuchungulia alama ya T, inayoonekana pistoni ikifika juu kabisa. Binti yetu wa kati, mwenye miaka 13, akajileta mwenyewe kuwa msaidizi.

"Papa, T imefika."

T ilikuwa imefika kweli. Nikaingiza wembe, haukuingia. Nikalegeza skrubu, nikalegeza tena, wembe ukapita. Nikashangaa kidogo: kitu kinachogonga kwa kuachana, mbona kimebana? Lakini mwalimu akishaanza somo hasimami katikati. Nikaendelea kulegeza, nikapitiliza, na nati ndogo, haizidi punje ya hindi, ikatoka kwenye skrubu, ikaruka, ikagonga chuma mara moja, kisha kimya.

Ilikuwa imeingia kwenye tundu la fimbo, linaloteremka mpaka tumboni mwa injini.

Hapo nyumba nzima iliamka. Mke wangu alisimama mlangoni na kitenge chake mabegani, hakusema neno, na kule kutosema kulinichoma kuliko kusema. Kijana wetu mkubwa alishauri tuipindue pikipiki kama mtu aliyemeza maji ya mto. Binti akaingia ndani, akatoka na spika ya redio iliyokufa na njiti ya gurudumu la baiskeli. Akaketi chini, akaanza kuisugua njiti kwenye sumaku ya spika, upande mmoja tu, mara ishirini, thelathini, bila kurudi nyuma.

"Unafanya nini?"

"Ni somo lako, Papa. La sumaku. Ulitufundisha mwaka jana."

Akapinda ncha kidogo, akaishusha njiti tundu­ni polepole, akifumba macho ili asikie kwa vidole. Mara ya kwanza ikatoka na mafuta. Mara ya pili ikatoka na mafuta. Mara ya tatu ikatoka na nati imening'inia kama samaki kwenye ndoana. Mke wangu akarudi ndani kuwasha jiko. Nami nikafunga kila kitu, nikapiga kiki.

Ta-ta-ta ilikuwa imekufa. Mahali pake palikuwa na ka-la-ka-la-ka-la, sauti ya mtu anayeangusha masufuria kwenye ngazi. Jirani akachungulia juu ya ukuta, akauliza kama tumenunua mashine ya kusaga.

Ijumaa nzima niliwafundisha watoto kugawanya huku nikiwaza T. Jioni nikapata kosa langu. T huja mara mbili. Mara moja supapu zote mbili zimefungwa, hapo ndipo pa kupimia. Mara nyingine moja inamalizia kufunga na nyingine inaanza kufunguka, kwa hiyo zote ziko wazi kidogo na mikono yote imebana. Mimi nilikuwa nimepimia hapo pa pili. Njia ya kutofautisha ni rahisi: mtu azibe tundu la buji kwa kidole. T inayotakiwa ni ile inayokuja baada ya hewa kusukuma.

Jumamosi alfajiri binti aliweka kidole, mimi nikazungusha. Kidole kikarushwa, puf! Akacheka. T ikafika, mikono yote miwili ikalegea na kuchezacheza. Wembe ukapita kwa kubanwa, kama ilivyotakiwa. Ningeishia hapo, kisa hiki kisingekuwepo.

Lakini nilipowasha, ilibaki ta-ta-ta ndogo, ya mbali, kama mtu anayebisha hodi kwa adabu. Nikaikumbuka sura ya mke wangu mlangoni. Nikazima, nikangoja ipoe, nikafungua tena. Nikakaza mpaka wembe ukagoma, kisha nikaongeza kidogo, kwa ajili ya mama mkwe. Nikawasha. Kimya! Injini ilinong'ona. Mke wangu alitoka jikoni, akasikiliza, akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi. Saa sita honi ikalia.

Sasa kuna jambo la heshima. Kwetu mtu na mama mkwe wake hawali sahani moja, hawatazamani usoni, na hawasemeshani ovyo. Kumpakia mgongoni kwangu, barabara ya mashimo, ni jambo lisilotamkika. Dawa yake ni mtoto. Nikaenda stesheni na binti, mizigo ya mama mkwe, yaani gunia la karanga na kuku wawili, ikapanda baiskeli ya mchukuzi, nasi tukaketi kwa utaratibu: mimi mbele, binti katikati, bibi yake nyuma, amekaa upande, ametazama pembeni.

Tulipita sokoni kimya kama wezi. Fundi aliinua kichwa, nikampungia mkono.

Hatukulipita soko kwa mita mia tatu. Pikipiki ikaanza kukohoa, ikapoteza nguvu, ikazima. Nikapiga kiki. Mguu ukashuka wenyewe, bila upinzani, kama nimekanyaga boga lililooza. Nikapiga ishirini. Jasho likanitoka, watoto wakajaa, mchukuzi wa karanga akatupita na kengele yake.

Nyuma yangu sauti ya taratibu ikasema, "Mjukuu, mwambie papa yako aache kupiga."

"Papa, bibi anasema uache kupiga."

"Mwambie mashine ya kusaga ya babu yako ilikufa hivi hivi. Aliikaza kwa sababu ya kelele. Chuma kikipata moto kinarefuka. Kikikosa nafasi ya kurefukia, supapu inabaki wazi, pumzi inatoroka. Tungoje ipoe."

Nilikuwa nimesahau kwamba marehemu baba mkwe alikuwa na mashine ya dizeli kule Nyunzu, na kwamba aliyekuwa akishika taa wakati wa kuitengeneza ni mkewe. Tukaketi chini ya mwembe, mimi upande huu wa shina, yeye upande ule, binti akizunguka na maneno.

"Bibi anauliza, ulipima kwa nini?"

"Kwa wembe."

"Anasema wembe ni mzuri. Anauliza, ulipita?"

Nikanyamaza. Binti, ambaye alikuwepo, akamjibu bibi yake bila kunirudia. Upande wa pili wa shina nikasikia kicheko kidogo kimezibwa kwa kitenge.

"Anasema moto yako ina bahati. Ya babu iliendeshwa hivyo wiki nzima, ukingo wa supapu ukaungua, ikabidi inunuliwe nyingine Kalemie."

Ilipopoa ikawaka, tukafika nyumbani kwa vituo viwili vya kupumzika. Jumapili alfajiri mama mkwe aliweka kigoda chake kwenye kizingiti, akatupa mgongo, akawa anamenya karanga. Binti alishika bisibisi, mimi nikashika taa. "Mwambie papa yako akiifunga nati, aishike skrubu isizunguke nayo." Kweli, ndiyo maana nafasi ilikuwa ikibadilika kila nikikaza. "Mwambie apime tena baada ya kufunga." Wembe ukapita kwa kubanwa. Kifuniko, buji, kiki.

Ta-ta-ta. Ndogo, ya mbali.

Mke wangu akatokeza kichwa jikoni. "Si bado inalia?"

Mama mkwe hakugeuka. Akapuliza maganda kutoka kiganjani, akamwita mjukuu wake. "Mwambie mama yako, siku ikinyamaza ndipo amwite fundi."